Mbio Zangu Zimeleta Matanga

Wenzangu, leo nimeaibika, na afadhali jambo hili mlisikie kwangu kabla halijafika kanisani.

Mnakumbuka juzi nilisahau maharagwe motoni yakawa makaa. Njeri, kifungua mimba wangu, akaapa: nikisahau moto tena, ananihamisha kwake Kitisuru. Nyumba nzuri, sikatai. Lakini hakuna kuku, hakuna jirani wa kuongea naye. Mimi nitoke Mutuini? Ng'o!

Daktari akaniambia, "Shosho, tembea haraka mpaka jasho litoke. Moyo ukipiga vizuri, damu inafika kwa ubongo vizuri."

Basi leo asubuhi nikavaa raba za mjukuu (kubwa, nikajaza soksi), leso kiunoni, huyo! Nikatembea. Mwili ukakubali. Nikasema wacha nikimbie kidogo.

Hapo ndipo nilikosea. Huku kwetu mama wa umri wangu hakimbii bure.

Jirani yangu Mama Kamau alikuwa anakata majani ya ng'ombe. "Mama Njeri, kuna nini?"

Nilitaka kumweleza habari ya ubongo, lakini pumzi iko wapi? Nikashika tu kichwa kwa mikono miwili nikaendelea kukimbia. (Nani hushika kichwa hivyo kama si mwenye msiba? Na jasho machoni!)

"Woiye! Mzee wako ametuacha!" Akatupa panga.

Mimi hilo sikulisikia. Niligeuka nikaona akina mama wanne nyuma yangu, nikafurahi kweli. Nikadhani wamependa mazoezi! Mmoja alikuwa analia. Nikasema moyoni, pole, utazoea. Nikaongeza kasi.

Tukaingia kwangu. Mzee wangu ameketi nje, anakula ngwaci, kiazi kitamu chake cha asubuhi.

Mama Kamau akasimama kama mti. "Baba Njeri! Si umekufa?"

Mzee akameza kwanza. "Nimekufa lini, na chai bado sijaletewa?"

Kabla sijajua nilie au nicheke, moshi ukatoka jikoni. Githeri yangu! Nilikuwa nimeiacha motoni nikienda kutafutia ubongo damu. (Mzee pua yake ilistaafu kabla yake.) Waombolezaji wangu wakakimbia na ndoo za maji.

Kumbe mtu wa boda aliyetuona njiani alikuwa ameshampigia Njeri simu. Binti akafika akilia, akamkumbatia baba yake mpaka ngwaci ikaanguka. Halafu akamwachilia. Akanusa.

"Mum, ni nini kimeungua?"

Nilihisi kuku wangu wote wakiniaga.

"Ni mimi," Mama Kamau akasema. "Nimeunguza chai ya matanga."

Wote wakaitikia kwa kichwa, hata Mzee. Haki nilitaka kulia. Njeri akanywa chai, akarudi kwake bila mimi.

Kwa hivyo nabaki Mutuini, na mazoezi naendelea. Tafadhali msicheke, na Njeri asiambiwe. Na mkiniona nakimbia tena, msilie kwanza: pitieni jikoni kwangu mzime moto.