Mhakiki Wenu Hakuiona Ile Talaka

Shauri Moyo, Nairobi
Machi 1997

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na wino wako haujakauka. Mimi ni Patrobas Ambani, mtengenezaji wa masanduku ya bati, na nimekasirika, ila kwa adabu.

Jumamosi mhakiki wenu alivichambua vipindi vya kwanza vya kile kituo kipya cha setilaiti. Kipindi cha Alhamisi jioni alikiita "mazungumzo ya mbolea yasiyo na mwisho." Sisi hukitazama kila wiki tukiwa nje, kwenye dirisha la hoteli ya Kiarie, kwa sababu anayeingia ndani ni lazima anunue chai. Kioo hakipitishi sauti, lakini macho tunayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna mbolea pale. Kuna bwana mwenye tai anayemsihi mkewe asimwache. Mke ameinamia karatasi za talaka, na gunia lake la nguo liko mezani, limeshafungwa. Hata mtoto wa nasari angeelewa.

2. Mhakiki hakugusia maneno yao hata kidogo, ilhali ndiyo uhondo wenyewe. Maneno huyatia Muhonja, muuza mandazi, anayesimama nasi. Juzi bwana alipofungua mikono, Muhonja alimsemea: "Mama Ryan, pombe nimewacha, walahi. Rudi nyumbani, hawa watoto mi siwawezi." Watu wazima walilia. Mimi nililia.

3. Mke wangu Selpher hakuwa akinisemesha tangu Krismasi, kwa kosa ambalo halihusu gazeti. Tangu kipindi kianze, huja dirishani, husimama mbali nami kidogo, na tukirudi nyumbani huniambia kwamba yule bwana ni mjinga. Ni maneno machache, lakini nayapokea kwa mikono miwili. Sasa Kiarie amesoma gazeti lenu na anasema ataiondoa runinga aweke meza ya kuchezea puli. Uhakiki wenu, Ndugu Mhariri, utanirudisha kula ugali kimya kimya, nami naogopa.

4. Kwa hiyo naomba mhakiki huyo afutwe kazi, au angalau atazame akiwa ameziba masikio kwa pamba, maana ni dhahiri masikio ndiyo yanayompotosha. Nafasi yake tupewe sisi wa dirishani. Muhonja yuko tayari kuanza Jumatatu, akishamaliza mandazi.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti wote wa Muthurwa, na mke wa mhakiki, kama bado anaye.

Ni mimi, msomaji wako mwaminifu wa gazeti la jana,
Patrobas Ambani

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Kiarie alituonea huruma akatutolea spika nje. Ni mbolea. Saa nzima, mbolea. Mke ni mtangazaji, na hata lile gunia ni la mbolea. Mhakiki wenu alisema kweli, tena alijizuia. Watu walikuwa wameanza kuondoka Selpher alipoenda akaung'oa waya wa spika. Kisha akaja akasimama kando yangu, karibu kabisa, akamwambia Muhonja amsaidie yule bwana kuomba msamaha vizuri, kwa kuwa wanaume wengine hawajui. Barua ichapeni hivyo hivyo ilivyo.