Nguva wa Bondeni Kwangu

Jumatatu, 10 Desemba 1990
Asante Mungu kwa kichwa ulichonipa. Leo Kija, jirani yangu Msukuma, amekataa kulima bonde langu lenye maji na majani. Maksai wake walizama mpaka tumboni. Akasema baba, majani haya yang'oe mwenyewe au umwite kiboko. Vijana wakacheka. Mimi sikucheka.
Jioni mjukuu wangu Herieth, yuko likizo kutoka shule ya Kaengesa, alisoma kitabu cha wanyama. Kuna mnyama wa baharini anaitwa nguva. Anakula majani ya chini ya maji, ila anayang'oa na mizizi. Anakopita anaacha njia tupu, kama imelimwa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena.
Kiboko wa nini.

Jumatano, 12 Desemba
Nimekwenda Chanji kwa Meshack, muuza mitumba. Ana watu Dar. Nikamuuliza kama nguva wanapatikana. Hakushtuka hata kidogo. Akasema mzee wangu, siku hizi ruksa, hata ukitaka meli. Ataniletea ndama wa nguva ndani ya pipa la maji, juu ya lori. Yeye anataka ng'ombe wangu wa maziwa, nimpe kwanza, Jumamosi. Nimekubali palepale. Wengine wangesitasita.
Ng'ombe mwenyewe anaitwa Malaika. Kusema kweli ni wa Coleta, mke wangu. Alimlea toka ndama, na wajukuu wote wanakunywa maziwa yake. Sijamwambia. Furaha ya ghafla ndiyo tamu.

Alhamisi, 13 Desemba
Nimemhoji Herieth mambo ya ufugaji, kwa ujanja. Nguva anazaa mtoto mmoja tu, na mimba inapita mwaka. Sawa, uvumilivu ninao. Ananyonyesha kwapani. Nilimtazama Coleta, nikaendelea kuuliza. Hawezi kukaa chini ya maji moja kwa moja, lazima aje juu kuvuta hewa. Hata mimi.
Ila Herieth akasema babu, huyu ni wa maji ya chumvi, hata Ziwa Tanganyika hayumo. Mtoto alidhani amenikamata. Nimemwaga bondeni karibu mfuko mzima wa chumvi ya ng'ombe, upande wa mashariki, na ya jikoni juu yake. Nikaonja. Bahari kabisa. Sijafika baharini, lakini ulimi wangu haudanganyiki.
Maharage ya jioni hayakuwa na chumvi. Coleta akauliza, kwani panya wa siku hizi wanakula chumvi. Nikasema inawezekana.

Jumamosi, 15 Desemba
Alfajiri nikamfungua Malaika. Tukapita kando ya bonde. Akanusa. Ng'ombe na chumvi, hilo nilisahau. Akanivuta mimi na kamba, akaingia, akazama mpaka mgongoni. Akalia kama mtu. Lori la Meshack likapiga honi barabarani, likangoja, likaondoka.
Coleta akaja mbio, peku. Akaingia topeni, akakumbatia kichwa cha Malaika kisizame. Akauliza nilikuwa nampeleka wapi ng'ombe wake. Nikasema kwenye nguva. Sikuwa na jingine mdomoni. Akasema, Baba Luciana, siku ukisomewa habari za tembo utanitoa na mimi.
Halafu akalia. Hapo miguu yangu ikapata ujana. Nikakimbia kwa Kija, nikamwomba. Mimi, kuomba. Akaja na maksai wanne, wakasimama pakavu, kamba ndefu, wakavuta. Malaika akatoka akiburuta tumbo, pole pole, mzima. Kija akasema baba, mbona kiboko wako ana pembe.
Nilimshukuru mbele ya watu. Macho yalikuwa na maji, ni tope.

Jumapili, 16 Desemba
Kanisani nimeshukuru kwa sauti mpaka Coleta akanivuta koti. Namshukuru Kija. Namshukuru Coleta, amenipa kikombe cha maziwa ya Malaika bila neno. Maneno yalikuja baadaye, mengi. Namshukuru hata Meshack, hakungoja sana.
Baada ya misa nikaenda bondeni peke yangu. Pale alipoburutwa Malaika pana njia tupu, toka katikati mpaka ukingoni. Majani yamelala pembeni, mizizi juu. Kama kitabu kilivyosema.
Kumbe nguva ninaye nyumbani siku zote, Mungu ni mwema.
Chumvi kidogo ilibaki mfukoni. Nimeimwaga upande wa magharibi.