Mgeni Wangu Amegawa Anwani za Watu

Leo nimejivua nguo mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa suti. (Suti yenyewe ya shemeji, lakini hilo liacheni.)

Mnajua nafanya kazi upande wa kompyuta kwenye kampuni ya kununua samaki hapa Mwanza. Mnajua na cheo changu: Kaimu Mkuu wa TEHAMA. Kaimu mwaka wa nne huu. Mwanangu amezaliwa, ametembea, ameanza chekechea, baba yake anakaimu tu.

Wiki iliyopita meneja wetu, Mama Kabula, akatangaza kwamba leo saa nne anathibitisha mkuu. Ni mimi au Thobias, mwenzangu ambaye nilimpokea mwenyewe siku yake ya kwanza kazini. Kila mmoja aonyeshe mfumo wake wa kuandika uzito wa samaki, atakayeshinda ndiye. Kwa kiherehere changu nikampigia baba kule Magu. Baba naye hakusubiri matokeo. Ametenga mbuzi, amewaalika watu wa jumuiya.

Mfumo wangu niliuweka kwenye mashine pepe. Kwa wasiojua, ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta. Ya nje inaitwa mwenyeji, ya ndani ni mgeni. Jumamosi na Jumapili nzima nilikuwa nyumbani Butimba nazipatanisha, na hazipatani. Zinakaa kwenye laptopu moja, zinakula umeme mmoja, lakini hazisalimiani. Kila kompyuta ikitaka kuongea na nyingine lazima ipewe anwani, na hapo hapakuwa na wa kuigawa.

Jumapili jioni hasira zikanipanda. Nikamwambia mgeni, basi gawa wewe. Akagawa. Mwenyeji akapokea, wakaanza kuongea kama mashoga wa siku nyingi. Nikafurahi mpaka nikaipa mashine ile jina la kujifurahisha. (Nilijua hakuna atakayeliona. Kumbukeni maneno hayo.)

Leo asubuhi ofisini nikataka wenzangu wauone mfumo kutoka kwenye kompyuta zao. Kwa hiyo nikamtoa mgeni ndani, nikamjengea daraja hadi kwenye mtandao wa ofisi. Thobias akapita nyuma yangu na chai yake.

"Kaka, umeweka daraja?"

"Nimeweka."

"Na ile kazi ya kugawa anwani, umeizima? Maana hapa anayegawa ni rauta, wakigawa wawili vifaa vitapotezana."

Sikugeuka hata kumtazama. "Thobias, nani alikufundisha kubana kichwa cha waya wa mtandao?"

"Ni wewe, kaka."

"Basi kunywa chai."

Akanywa chai. Na mimi sikuzima. Nilikuwa nimesahau kabisa, na aliyenikumbusha nimemfukuza.

Saa nne nikaanza. Watu kumi na wawili ukumbini, Mama Kabula mbele na daftari lake. Naongea kama mbunge. Dakika kumi hivi, mhasibu akanyoosha mkono, intaneti yake imekata. Printa nayo kimya. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Regina, mpimaji wetu kule gatini, na mabuti yake yanadondosha maji.

"Shikamooni. Samahani, mzani umegoma. Tangu niuwashe hausomi kwenye kompyuta. Mitumbwi sita imeshusha na sangara wako juani."

Hapo ndipo ningekaa chini nifikiri. Lakini Kaimu hafikiri mbele ya watu, Kaimu anatoa maelekezo. Kwanza nikawalaumu watu wa intaneti. Wakapigiwa simu, wakasema kwao shwari. Nikawalaumu wa umeme, na taa zote zinawaka juu ya kichwa changu. Mwisho nikakunja mikono ya suti ya shemeji, nikasema kwa sauti ya kiongozi:

"Mama Kabula, kuna mtu humu ameingiza kifaa kwenye mtandao bila idhini. Huu ni uzembe. Akipatikana, napendekeza aondolewe kwenye kitengo chochote kinachogusa kompyuta."

Mama Kabula akaandika. Neno kwa neno, nilimwona.

"Thobias," akasema, "hebu tuangalizie."

Thobias akachomeka waya wa projekta. Ukutani ikatokea orodha ya vifaa vyote. Akasogeza taratibu, akasimama kwenye mstari mmoja, akanitazama, halafu akatazama chini. Nikauona.

"Anayegawa anwani ni huyu," akasema polepole.

Mama Regina hana miwani, husoma kwa sauti. Akasogea karibu na ukuta na mabuti yake, akaanza. "Mkuu... si... kaimu... tena." Akageuka. "Mkuu Si Kaimu Tena ndiye nani?"

Thobias alikuwa anajua, na alinyamaza kwa ajili yangu, na jamani hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Angecheka ningemchukia nipate nafuu. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili.

"Ni mgeni wangu, Mama."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu alikuwa na siku tatu kamili. Nikampa jembe, akaenda kulima shamba la watu.

Nikaizima laptopu. Mzani ukawashwa upya, ukasoma. Mama Regina akasema asante, mwanangu, akaenda zake kwa samaki wake. Mama Kabula akafungua daftari, akanisomea pendekezo langu mwenyewe, lote, na neno uzembe likiwemo. Kisha akasema kuanzia kesho nitahamia stoo ya barafu, na Thobias atashika nafasi.

"Atathibitishwa?" nikauliza. Sijui nilitaka nini.

"Atakaimu kwanza."

Sasa nimekaa kwenye jiwe nyuma ya ofisi, natazama ziwa, suti inanuka sangara. Baba amepiga mara tatu. Ya nne nikapokea. Aliuliza jambo moja tu, wachinje saa ngapi. Nikamwambia, baba, wasichinje. Akasema haya, nitawaambia watu.

Mchekao chekeni, nawajua. Ila mjue hivi: katika ukoo wetu mzima, aliyethibitishwa leo ni mbuzi peke yake, na amethibitishwa kuishi.