Ndevu za Bisimwa

Jumatatu, 2 Agosti 2021. Mount Druitt.

Bohari ya Smithfield ninakofanya kazi imefungwa kwa korona, nasi tumefungiwa ndani. Kazi yangu sasa ni televisheni: wapelelezi wa London ya zamani, farasi na ukungu. Kisa kilekile kimeigizwa mara mbili. Kwenye kile kipya wanakimbiakimbia tu. Kile cha zamani, lo! Mpelelezi hatabasamu. Anatazama soli ya kiatu, mwizi keshajulikana. Mke wangu Ninahazwe anasema nisafishe jiko. Hatambui kipaji.

Jumatano, 4 Agosti.

Nimepata kesi! Jirani Bisimwa, rafiki yangu tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kabla hatujaletwa huku ughaibuni. Ndiye kiongozi wa kwaya, cheo ambacho Mungu anajua kilikuwa changu. Nimemchungulia juu ya ua. Ameacha kunyoa. Mapazia yamefungwa mchana. Godoro liko chini sebuleni. Gitaa kimya. Basi! Anafuga ndevu asitambulike, ameuza vitanda, anatoroka na spika za kanisa. Akishikwa, kwaya ni yangu.

Ijumaa, 6 Agosti.

Asubuhi nimetuma ujumbe wa sauti kwa kwaya nzima, nikieleza wizi wote. Polepole, kama mpelelezi wa zamani. Hakuna aliyejibu. Nikadhani wamevutiwa.

Mchana Bisimwa akaja uani, barakoa usoni. Akasema mama yake amefariki Nyarugusu, kule tulikomwacha. Hakutangaza, maana alijua tungejazana kwake kulia naye, polisi watupige faini. Akaweka matanga peke yake. Akaniuliza mimi, mtu wa kwao, nimesahau lini kwamba mfiwa hanyoi na hulala chini.

Yule mama alinipikia ugali miaka yote ya kambini. Nimelia sana.

Jumapili, 8 Agosti.

Kwaya imeimba kwa simu, Bisimwa akiongoza, sauti ikimkatika. Yeye upande wake wa ua, mimi upande wangu. Nilingoja anitaje kwa ubaya. Akawaambia wote kwamba mimi, Révérien, nami nimefiwa mama. Nimemwapia Ninahazwe: upelelezi basi!

Jumatatu, 9 Agosti.

Falone, yule dada wa nyumba ya kona! Amenyoa kichwa chote, nguo nyeusi tupu, macho mekundu, simu hapokei. Anamkimbia nani? Nimepima vizuri safari hii. Msiba? Hapana, hana ndevu. Kwaya nimeshaitumia ujumbe.