Sungura wa Chini ya Meza ya Mtendaji

Wananchi wote wa Kata ya Mwabusolo, wachimbaji, wafugaji, mama lishe na wageni mliokuja kutafuta na bado hamjapata, mnatangaziwa kwamba mgogoro wa ardhi uliodumu ndani ya ofisi ya kata kwa msimu mzima umemalizika kwa mafanikio makubwa. Mgogoro huo ulikuwa kati ya serikali na sungura. Serikali imeshinda, ingawa imetoka damu kidogo.

Mimi ndiye Mtendaji wa Kata, Bartholomeo, na naeleza haya kwa sababu bodaboda wa Katoro wameshaanza kuyaeleza vibaya.

Sungura huyo, jike, tulipewa na mradi wa ufugaji. Alikuwa anaenea kiganjani, mweupe, sikio moja jeusi, tukamwita Nyamizi. Kwa kuwa nje kuna mbwa wa wachimbaji, na mali ya umma hailindwi kwa bahati, niliamua kisanduku chake kikae chini ya meza yangu. Wakati ule alilamba vidole vya kila aliyeingiza mkono. Niliandika kwenye taarifa kwamba ni sungura mwenye moyo wa utumishi.

Hapa niwaeleze utaratibu wetu ninyi mlio mbali. Ofisini kwangu mtu huamkia mara mbili. Kwanza shikamoo, juu ya meza, nami naitika marahaba. Kisha salamu ya pili, chini ya meza, mkono kwa mkono, kimya kimya. Mkulima huleta alichojaliwa. Mchimbaji huleta vumbi la dhahabu lililofungwa kwenye kipande cha nailoni. Si rushwa hata kidogo. Rushwa ni kosa, na bango lake limebandikwa ukutani nyuma yangu. Hii ni adabu tu. Mtu akiisahau, barua yake huingia kwenye mchakato, na mchakato, kama mjuavyo, ni mrefu.

Aliyekaa kwenye mchakato kuliko wote ni Agnetha, Mama Nelly, anayewapikia wachimbaji kwenye banda la mabati kando ya mialo ya kuoshea dhahabu. Alihitaji muhuri wa kata kuthibitisha kwamba pale ni pake. Bila muhuri, banda lingevunjwa na eneo apewe Magesa, mnunuzi wa dhahabu, aweke karasha lake la kusagia mawe. Banda hilo ndilo linalowalisha yeye, Nelly na bibi yake Nelly. Kila asubuhi alikuja, akaniamkia mara moja tu.

"Mwangaluka, Mtendaji. Muhuri wangu?"

"Uko kwenye mchakato, Mama Nelly."

"Mchakato huo una miguu kweli? Mbona haufiki?"

Kisha anaweka matembele sakafuni, mbali kidogo na kisanduku, Nyamizi anatoka kula, naye anaondoka zake. Mwanamke mkaidi sana.

Nyamizi akakua. Alianza kwa kusugua kidevu kwenye miguu ya meza, tukadhani anawashwa. Kisha akakojoa pembe zote nne za eneo lake, kazi ambayo wapima ardhi wetu hawajawahi kuimaliza popote. Akachimba sakafu. Akawa ananguruma. Siku Masalu, mfugaji mwenye ng'ombe wengi, alipofuata kibali chake na kushusha mkono kwa salamu ya pili, alirukiwa, akaparurwa, akang'atwa kidole.

"Mayo wane!" Masalu alipiga yowe. "Mtendaji, huku chini umefuga chui?"

"Ni mradi," nilimwambia.

Tangu hapo huduma zikadorora. Watu wakawa wanaamkia mara moja tu na kuficha mikono kwapani. Nilijaribu kuhamishia salamu ya pili dirishani, lakini dirisha linatazama sokoni. Nilijaribu glavu za fundi wa kuchomelea, nikagundua kwamba mwenye glavu hawezi kushika kifuko cha vumbi la dhahabu. Niliumia, ndugu zangu. Nilifika mahali pa kuishi kwa mshahara.

Ndipo nikaunda Kamati ya Kudhibiti Mienendo ya Kimipaka ya Sungura Jike, yenye wajumbe, posho za vikao na kamati ndogo ya chai. Tukamwita Enock, bwana mifugo.

"Huyu haumwi," alisema. "Amekomaa. Jike akikomaa anajua pake ni wapi, na mkono ukiingia kwa ghafla anaona mwizi."

Wajumbe walitazama viatu vyao.

"Msiingize mkono humo. Mwacheni atoke mwenyewe, ndipo msafishe. Chakula mwekeeni nje kama anavyofanya Mama Nelly, na mumwongezee nafasi. Mkitaka atulie zaidi, Mwanza kuna daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi."

"Tusiingize mkono mpaka lini?" aliuliza mjumbe mmoja kwa uchungu.

"Basi tu, msiingize."

Kamati ilikataa ushauri huo kwa kauli moja, kwa kuwa haukuzingatia mazingira halisi ya kazi. Enock akauliza kwa nini tusihamishe kisanduku. Nilimfafanulia kwamba kubadili matumizi ya eneo kunahitaji kibali, kibali hutolewa mezani kwangu, na mezani kwangu huduma zimesimama.

Tukaomba msaada mkoani. Akaja Mheshimiwa mmoja, jina lake nalihifadhi, akakalia kiti changu chini ya lile bango na kukemea rushwa kwa maneno mazito mpaka mjumbe mmoja akajifuta machozi. Kisha akasema kwamba kabla ya sungura angemaliza suala la banda, maana karasha la Magesa lilikuwa tayari nje, juu ya lori.

Mama Nelly alisimama mlangoni na matembele yake. "Mheshimiwa, mkinivunjia banda, mwanangu atakula nini?"

"Mama, maendeleo yana gharama zake."

Magesa akavuta kiti karibu na meza. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba."

Nikaona mabega yao yakiinama kidogo, la huyu na la yule. Nilikohoa. Nilikohoa tena. Lakini mtumishi wa ngazi yangu atamwambiaje mkubwa wake mahali pa kuweka mkono?

Yowe la Mheshimiwa lilisikika hadi sokoni. Mkono ulipanda juu na vyote ulivyokuwa navyo: damu, manyoya meupe, na kifuko cha nailoni kinachometameta, vikaning'inia mbele ya bango. Magesa akaanza kukagua dari. Madirisha yalikuwa yameshajaa nyuso za watu.

"Mheshimiwa," alisema Mama Nelly taratibu, "naona leo salamu ya pili imepanda juu."

"Huyu mnyama ni mchokozi!"

"Si mchokozi, baba. Yeye yuko kwake. Mkono wako ulikuwa unatafuta nini kule?"

 Kamati ndogo ya chai ilitoka nje kufuata chai na haikurudi. Mheshimiwa akaomba muhuri kwa mkono uliobaki mzima, akaugonga kwenye barua ya Mama Nelly mpaka meza ikatikisika. Sijawahi kuona mchakato mfupi namna ile.

Jioni hiyohiyo likatoka katazo: sungura wasionekane karibu na meza yoyote ya ofisi ya umma. Nyamizi akahamishiwa kwa Mama Nelly, kwenye uzio mpana wa matofali nyuma ya banda, na huko hajamng'ata mtu. Ndiyo maana nasema serikali imeshinda.

Jambo moja tu linanitia wasiwasi. Wiki iliyopita Mama Nelly alinunua dume kule Katoro. Jana nilipita kwake kula ugali nikakuta foleni imezunguka banda, wengine wametoka mbali huko Mwakitolyo. Nikawatuliza kwamba chakula kitatosha.

"Hatujaja kula, Mtendaji," alisema Philomena, mwenye kiwanja kilichouzwa mara mbili bila yeye kujua. "Tunaweka oda ya watoto."

"Wewe nikuwekee dume au jike?" Mama Nelly alimuuliza.

"Jike. Na usinipe akiwa mdogo, dada. Kaa naye mpaka aanze kung'ata."