Malalamiko Kuhusu Viganja Laini vya Mume Wangu

Kwa Shangazi, Mtengenezaji wa Mafuta ya Mitishamba,

Basi Shangazi, kama nilivyokuwa nikisema kabla simu haijazimika, mafuta yako yananiharibia ndoa, nayo bado mbichi. Shikamoo kwanza.

Siku ya harusi uliona sugu za mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, ukamhurumia. Ukampa kopo la mshubiri, manjano na mchaichai. Ulikusudia wema, sikatai. Lakini sugu zile zilikuwa zangu! Kila jioni hunijia kwa nyuma akinyata, akaniziba macho na kuuliza, "Nani?" Nami kwa ule mkwaruzo tu hujibu, "Moyo wangu." Huo ndio mchezo wetu, Shangazi; mimi huungojea tangu asubuhi. Sasa sikiliza.

1. Juzi nilikuwa nakaanga vitunguu, pua imejaa harufu ya vitunguu hivyo. Mikono ikaniziba macho, laini kama ya mtoto. Nikasema, "Wifi, niache, nitaungua!" Akajibu mume wangu: "Wifi? Mimi?" Wifi mwenyewe alikuwa mlangoni, akacheka hadi akakaa chini. Mume wangu hakukisifu chakula usiku ule, yeye ambaye husifu hata maji ya kunywa.

2. Manjano hayatoki. Asubuhi alinikumbatia kunisamehe, nikaenda kazini na viganja viwili vya njano mgongoni mwa blauzi nyeupe. Karani mwenzangu akauliza, "Bibi harusi, umeegemea ukuta wenye rangi mbichi?" Niliona haya. Niliona na raha pia, lakini hiyo si hoja.

3. Mafundi wenzake sasa humpa mkono mara mbilimbili, kisha humwomba mafuta. Karakana nzima ikilainika, wake wangapi watashindwa kuwatambua waume zao?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, unichemshie dawa ya kurudisha sugu. Mti wowote wenye miiba utafaa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata yule jogoo wako mkorofi.

Mimi mpwa wako, mwenye furaha na malalamiko,
Bibi Harusi

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, mikono imeniziba macho. Laini vilevile. Lakini kabla haijanigusa, harufu ya mchaichai ilikuwa imeshafika. Nikasema, "Moyo wangu!" Akafurahi hadi akaishika barua, ndiyo maana unaona alama ya kidole cha njano hapa pembeni. Achana na miiba, Shangazi. Tutengee kopo kubwa kuliko lile. Tunakuja wote wawili kulichukua kabla mwezi huu haujaisha.