Mita Mia Tatu na Kumi na Mbili za Kunyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa bila mke wangu. Rasmi hajaniacha. Rasmi yuko kwa dada yake, "anapumua kidogo". Ndivyo alivyosema, sanduku mkononi. Chanzo: mayai mia mbili ya kuangua niliyoyapanga chumbani, chini ya balbu nne, upande wake wa kitanda. Nilimweleza faida zake. Nilimweleza kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano. Akasema hawezi kuishi na mtu ambaye akifunga mdomo anafungua mradi.

Halikuanguliwa hata moja.

Leo fundi viatu anayekaa langoni mwa bustani ya mji kanipa habari za uhakika. Kila siku saa kumi na moja jioni mke wangu huja bustanini, huingia kwenye ile miduara ya mawe iliyojengwa mwaka jana, na huzunguka humo muda mrefu, kichwa chini. Nikaelewa mara moja. Maskini, anapotea! Anatafuta pa kutokea!

Nikafunga duka langu la mapazia mapema. Nikachukua uzi mwekundu, mita mia tano, nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya mlangoni na kuingia kumwokoa.

Mawe yale yanafika kwenye kifundo cha mguu. Hilo nililigundua nikiwa tayari ndani. Mtunza bustani alikuja kunisomea ubao, taratibu, kama asomewavyo mgonjwa. Njia ya Utulivu. Njia ni moja tu, haina pa kupotea: inakuzungusha miduara saba mpaka katikati, kisha unarudi kwa njia ileile. Watu huitembea polepole, kimya, wakituliza mawazo. Akaniomba niondoe uzi wangu, maana ulikuwa umeshawafunga watu wanne na mbwa.

Mke wangu aliwasili nikiwa nimepiga magoti namfungua mbwa. Akanipita. Harufu ya sabuni ileile. Akaingia njiani, akaanza kutembea. Nimerudi nyumbani nikala nimesimama.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi haba. Nyumba ni kimya. Kile kimya alichokuwa akikitafuta yeye kimebaki kwangu, na mimi sikitaki. Asubuhi nilimimina chai vikombe viwili. Nikanywa vyote.

Lakini mwanamume hakai kulialia. Mchana nimerudi bustanini na futi kamba yangu ya kazi, nikaipima njia nzima nikitambaa. Mita mia tatu na kumi na mbili. Ugunduzi mkubwa: wanaotembea miduara inayopakana hupitana kwa karibu, hatua moja, kisha njia inawatenganisha, inawapeleka huku na huku, kisha inawakutanisha tena. Nimehesabu sehemu nane za kukutana. Nikiingia dakika tatu baada yake, nitakuwa ubavuni mwake mara nane! Hawezi kunikwepa. Mawe yenyewe yako upande wangu.

Kuna mzee mmoja alinisimamia kichwani kama mkaguzi. Karani mstaafu wa posta. Namwita Bwana Kofia, maana ana kofia ya sufu wakati wa jua kali. Anachechemea goti la kulia, anatembea kama aliyebeba yai. Sipendi mambo ya mayai. Akaniuliza kama natafuta sindano. Nikamjibu kuwa niko kazini. Fundi viatu anasema mke wangu humwitikia mzee huyo kwa kichwa kila jioni. Kwa kichwa! Mimi sijaitikiwa tangu Februari.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umetekelezwa kwa ustadi. Umeshindikana.

Niliingia dakika tatu kamili baada yake. Sehemu ya kwanza, akanipita kwa mkono wa kushoto, ningeweza kumgusa. Nikanong'ona kuwa mayai nimeyatupa. Akaweka kidole mdomoni. Njia ikamchukua mpaka ng'ambo. Sehemu ya pili, nikamweleza kuwa balbu nazo nimezitoa. Macho mbele. Ya tatu, nikaanza kumweleza habari za uyoga, kwamba uyoga hauna kelele wala harufu na unaota gizani, chini ya kitanda. Hapo akafumba macho. Alifumba macho na akaendelea kutembea bila kukosea hatua. Hivyo ndivyo anavyoijua njia hiyo.

Sehemu tano zilizobaki sikusema kitu. Mtu wako anakuja, anakuja, mpaka unaona kovu dogo la pasi kwenye mkono wake, halafu njia inakata kona na anakuwa mgongo. Nimemkosa mke wangu mara nane ndani ya robo saa. Sijui kama kuna mume mwingine amewahi kufanya hivyo.

Magharibi shemeji, dada yake, kanipigia simu. Akaniambia nisikilize na nisijibu. Ujumbe wa mdogo wake ni huu: Jumapili saa kumi na moja atatembea na mimi. Yeye mbele, mimi nyuma, mpaka katikati na kurudi. Nikimaliza bila neno hata moja na bila mpango wa aina yoyote, anarudi nyumbani jioni hiyohiyo. Nikishindwa, anahamishia na cherehani yake huko. Nikaanza kuuliza kama kukohoa kunahesabika. Shemeji akakata simu.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya kunyamaza, siku ya kwanza. Mbinu: maji mdomoni. Mtu mwenye maji mdomoni hasemi. Rahisi!

Saa nne akaingia mteja wa mapazia ya sebuleni. Akauliza yako tayari? Nikatikisa kichwa. Akauliza lini? Nikanyoosha vidole viwili. Akauliza wiki mbili? Nikapanua macho. Akasema jirani yake alimwambia mimi ndiye fundi mwenye maneno mengi kuliko wote mjini, sasa kulikoni? Nikacheka. Kitambaa chake kilikuwa mezani. Ameondoka nacho kikiwa kimelowa.

Rekodi yangu bila maji: dakika nne na sekunde kumi. Safari nzima kwa mwendo wa mke wangu ni dakika ishirini na nane. Nilivunja kimya kwa kujipongeza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanyia mazoezi njiani kwenyewe, saa ya jua kali, ili nisionekane. Bwana Kofia alikuwepo. Huyu mzee hana kwao? Nilifika mduara wa pili nikajikuta naongea na mawe. Akanishika mkono, akanitoa hadi kwenye benchi.

Nilidhani ananisuta. Kumbe alitaka kukaa tu, goti linamsumbua. Nikamwambia yote: mke, mayai, Jumapili. Nikamuuliza siri ya kunyamaza, maana yeye anaweza. Akavua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa. Akasema kofia ni ya marehemu mkewe, alimfumia kwa sababu alikuwa na masikio ya baridi. Walikaa miaka arobaini na moja, naye mzee ndiye aliyekuwa msemaji. Habari zote za posta zilimalizikia kwa yule mama. Barua za nani, kifurushi cha nani.

"Kila siku aliniambia ninyamaze," akasema. "Sasa nimenyamaza, kijana. Ningetoa chochote anikataze tena."

Mimi kijana! Nina miaka arobaini na minane. Lakini sikumjibu. Tulikaa pale kimya, muda mrefu, na sikuutazama mshale wa saa. Nadhani nilizidi dakika nne.

Simwonei wivu tena. Kidogo tu, wa kuitikiwa kwa kichwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekokotoa upya. Dakika ishirini na nane, siwezi. Tuwe wakweli. Moyo unataka, mdomo hautaki. Na nikimkosa kesho, basi. Cherehani ikishatoka haitarudi. Nimekaa upande wake wa kitanda mchana mzima nikiwaza hivyo. Shuka bado lina duara lililounguzwa na joto la balbu.

Halafu wazo likaja lenyewe, sikuliita. Pazia likiwa refu, fundi hamkatazi mteja dirisha lake. Fundi anapunguza pindo!

Nimeichora njia yote kwa chaki kwenye kitambaa cha pazia, kwa vipimo vyangu. Nikihamisha mawe ishirini na sita tu, kufungua ukuta huku na kuziba kule, njia inakuwa mita sitini. Dakika tano kwenda na kurudi! Tano naweza, kwa kujikaza. Huu si mpango. Haya ni marekebisho.

Jumapili, 9 Machi, asubuhi

Alfajiri nimehamisha mawe yote ishirini na sita, nikiyatia alama ya chaki nisichanganye. Mgongo unauma. Nimenyoa, nimepiga pasi shati la arusi ya binamu. Mashuka mapya kitandani. Vikombe viwili. Roho juu juu.

Jumapili, 9 Machi, jioni

Naandika polepole maana vidole vimechubuka.

Alikuja na gauni la bluu. Ana nywele mpya, kazifunga nyuma, shingo iko wazi. Nikataka kusema. Nikafyata ulimi. Akaniitikia kwa kichwa! Tukaingia, yeye mbele, mimi nyuma, na nyuma yetu Bwana Kofia, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mwalimu na mkewe, na yule mwenye mbwa. Jumapili watu ni wengi.

Dakika tatu, bado hatujafika katikati. Nikatulia. Dakika tano. Tukapita jiwe lenye umbo la kiatu. Dakika nyingine nne, tukapita tena jiwe lenye umbo la kiatu.

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimechora upande wa nyuma wa kitambaa. Kosa la siku ya kwanza ya ufundi! Kushoto kote kulikuwa kulia. Mawe nimeyapanga kinyume na njia imejifunga yenyewe: mduara wa tatu unakuingiza wa nne, wa nne unakurudisha wa tatu. Na hakuna aliyesema kitu, maana watu wa utulivu hutazama miguu yao, na ubao umekataza maneno. Watu saba na mbwa tunazunguka palepale na wote tumetulia.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Neno moja tu na mke wangu anakwenda kufungasha cherehani.

Sasa niandike jambo ambalo sikulitarajia. Nilifurahi. Mzunguko wa tatu, wa nne, wa tano, na yeye yuko hatua moja mbele yangu, haondoki. Mabega yake yalishuka kidogo kidogo. Pindo la gauni lake lina mshono mmoja uliofumuka nyuma, nikautazama mzunguko mzima. Niliomba njia isiishe, na kwa mara ya kwanza mradi wangu ulikuwa unafanya nilichoomba. Sikuwa na hamu ya kusema chochote. Nilitamani tu tuendelee hivyo mpaka tuzeeke.

Mzunguko wa nane nikasikia pumzi ya Bwana Kofia. Nikageuka. Goti linatetemeka, kofia imelowa jasho, na anajikokota, maana yeye hawezi kutoka kabla ya kufika katikati. Kule katikati ndiko anakoongea na mkewe. Aliniambia Ijumaa, nikasahau kuandika.

Nikamtazama mke wangu, shingo, nywele mpya. Mzunguko wa tisa ulipoanza nikasimama.

"Jamani, simameni. Hatufiki. Mawe nimehamisha mimi."

Mbwa peke yake ndiye aliyeendelea kutembea. Mtoto akaamka akalia. Nikaruka mawe nikamkalisha mzee chini, nikamletea maji. Hakunigombeza. Aliuliza tu katikati ni upande gani, nikambeba mgongoni nikampeleka, nikamwacha huko peke yake.

Niliporudi mke wangu alikuwa bado amesimama palepale, kwenye mduara wa tatu. Akasema alijua tangu mzunguko wa pili, mawe yamejaa chaki yangu ya kushonea. Alikuwa anasubiri niseme mwenyewe. Nikamuuliza kama anarudi nyumbani. Akanikumbusha makubaliano: bila neno, bila mpango. Nimevunja yote mawili.

Nikainama nikaanza kufuta chaki kwenye jiwe.

"Lakini umenyamaza dakika thelathini na tano," akasema. "Tangu unioe sijawahi kukaa na wewe dakika thelathini na tano."

Alisema hivyo na machozi yakimlengalenga. Nimetia alama hapa ili nisije nikatia chumvi baadaye: yalimlengalenga kweli. Akasema cherehani ibaki kwetu kwa sasa. Nirudishe mawe yote mahali pake, kisha nije Jumapili ijayo, tutembee tena. Aliketi kwenye benchi akinitazama nikirudisha jiwe moja moja, mpaka la ishirini na sita. Halafu akaenda kwa dada yake. Alitembea polepole. Hakugeuka, ila langoni alisimama kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Somo limeingia. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mke wangu hataki maneno yangu wala miradi yangu. Anataka tutembee pamoja bila haraka, basi. Mimi nami nataka hilohilo kuliko kitu chochote duniani. Ningelijua mapema nisingenunua hata yai moja.

Sasa tatizo. Njia ya zamani, kwenda na kurudi, ni dakika ishirini na nane. Ishirini na nane! Jana tulikuwa thelathini na tano na bado nilikuwa sijashiba. Njia ile ni fupi mno kwa watu waliokosana siku ishirini na sita.

Nimepima asubuhi. Nyasi za pembeni zinatosha miduara mingine mitano. Tukiiongeza kwa nje, inakuwa saa moja na nusu. Saa moja na nusu nyuma ya shingo ile! Nimeshazungumza na mwenye lori la mawe. Analeta Ijumaa alfajiri, siku ambayo mtunza bustani hupumzika. Mke wangu hajui, shemeji hajui, fundi viatu hajui.

Neno sitasema hata moja.